Unahama na Paka au Mbwa Wako? Anza na Kalenda, Tiketi Baadaye

Swali hunijia kwa namna nyingi lakini ni lile lile: "Nimepata kazi Ujerumani, naondoka mwezi ujao na nataka kwenda na paka wangu. Nianzie wapi?" Anayeuliza huwa ameshakata tiketi, ameshatoa notisi ya nyumba, na anadhani kilichobaki ni sindano moja na barua ya daktari. Jibu langu huwa halimfurahishi. Mwezi ujao paka hatoki. Akianza leo atatoka baada ya miezi minne hivi, tena kama hakuna kilichokwama.

Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya na Uingereza huziamini kwa udhibiti wa kichaa cha mbwa. Mnyama anayetoka kwetu lazima apimwe damu kuthibitisha kwamba chanjo imeshika, kisha akae miezi mitatu akiwa mzima. Muda huo haununuliki. Ugonjwa huu hukaa kimya mwilini kwa wiki nyingi, hata miezi, na mnyama aliyekuwa ameshaumwa na mbwa mgonjwa kabla ya kuchanjwa hutarajiwa kuonyesha dalili ndani ya kipindi hicho. Wanaoishi Dubai au Manama wana nafuu, kwa kuwa Falme za Kiarabu na Bahrain zimo kwenye orodha na wanyama wao hawaombwi kipimo cha damu kuingia Ulaya.

Maelezo yanayofuata ni ya safari ya kwenda nchi za Umoja wa Ulaya, kwa sababu ndiyo inayoulizwa zaidi na ndiyo yenye hatua nyingi. Nchi nyingine nitazigusa baadaye.

Mpangilio usiogeuzwa

Hatua ni tano. Ukizipanga vibaya, hatua iliyotangulia mahali pasipo pake haihesabiwi, hata kama ilifanyika vizuri kabisa.

1. Chipu. Hudungwa chini ya ngozi ya shingo kwa sindano. Iwe ya kiwango cha kimataifa cha ISO, yenye tarakimu 15. Daktari aisome kwa skana kabla ya kuidunga na baada ya kuidunga.
2. Chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka naye huchanjwa hii hii. Mnyama awe ametimiza wiki 12. Chipu na chanjo vinaweza kufanyika siku moja, ila chipu itangulie.
3. Damu. Isitolewe kabla ya siku 30 kupita tangu chanjo.
4. Kusubiri miezi mitatu. Huhesabiwa tangu siku damu ilipotolewa, wala si tangu majibu yalipofika.
5. Cheti cha afya. Hutiwa saini na daktari wa mifugo wa serikali baada ya miezi hiyo mitatu kuisha, na kikishatiwa saini una siku 10 za kuwasili.

Tuuweke mpangilio huu kwenye kalenda. Chipu na chanjo tarehe 5 Januari. Siku ya 30 ni tarehe 4 Februari. Tuseme damu ilitolewa tarehe 6. Miezi mitatu inaisha tarehe 6 Mei. Kuanzia tarehe 7 Mei cheti kinaweza kutiwa saini, na ndani ya siku 10 zinazofuata uwe umeshatua. Kwa kitoto cha paka, jumlisha wiki 12 za umri, siku 30 na miezi mitatu: hawezi kuingia Ulaya kabla ya kukaribia miezi saba. Yule anayeniuliza kuhusu kitoto cha wiki nane aliyemwokota juzi, jibu lake limo humo.

"Lakini mbwa wangu huchanjwa kila mwaka"

Najua, na hongera. Pengine ulimpeleka kwenye chanjo za bure zinazofanyika Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, akapewa kadi yenye muhuri. Kadi hiyo inamlinda mbwa na inawalinda majirani. Kwa safari haisaidii, kwa sababu siku ile mbwa hakuwa na chipu, na hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa ndiye huyu aliyesimama uwanja wa ndege. Akishawekewa chipu huchanjwa tena, na hesabu ya siku 30 huanzia hapo. Kuchanjwa tena hakumdhuru.

Ukimpata daktari anayekwambia "tutaandika tarehe ya chipu iwe ya nyuma kidogo," shukuru, kisha tafuta daktari mwingine.

Damu ndiyo inayokwamisha

Kipimo hiki hupima kingamwili za kichaa cha mbwa, na matokeo yanayokubalika ni 0.5 au zaidi. Hakifanywi na maabara yoyote tu. Lazima iwe maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, na orodha ya maabara hizo iko wazi kwa umma. Kwa hiyo sampuli kutoka kwetu husafirishwa nje ya nchi. Kabla damu haijatolewa, mwulize daktari wako maswali haya, na usione haya kuuliza:

- Sampuli inakwenda maabara gani, na imo kwenye orodha?
- Nani anaisafirisha, na kibali cha kuitoa nchini kipo?
- Damu itatenganishwa wapi? Kinachosafirishwa ni siramu, yaani yale majimaji ya juu, si damu nzima. Damu iliyoharibika njiani kwa joto hurudisha jibu la "haipimiki".
- Namba ya chipu itaandikwa kwenye fomu ya maabara kwa kuisoma kwa skana, au kwa kunakili kutoka kwenye kadi?

Swali la mwisho linaonekana dogo. Tarakimu moja ikikosewa kati ya 15, majibu yanayorudi ni ya mnyama ambaye hayupo duniani. Mimi humshauri kila mtu aombe chipu isomwe kwa skana mara tatu: siku ya chanjo, siku ya damu na siku ya cheti, na kila mara alinganishe tarakimu moja baada ya nyingine kwa sauti.

Wapo wanyama ambao matokeo yao hayafiki 0.5, hasa waliochanjwa mara moja tu maishani. Hapo hakuna njia ya mkato: huchanjwa tena, hutolewa damu tena, na miezi mitatu huanza upya. Ndiyo maana baadhi ya madaktari hupendelea chanjo mbili zilizoachana wiki chache kabla ya kutoa damu. Kama muda unaruhusu, nakubaliana nao.

Habari njema: kipimo kikishafaulu hakirudiwi, mradi chanjo za marudio zinatolewa kabla ile ya awali haijaisha muda.

Cheti na mihuri

Cheti cha afya cha Umoja wa Ulaya ni fomu maalumu, si barua ya kliniki. Kwa Tanzania, mamlaka ni idara ya huduma za veterinari chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi; kwa Kenya ni Kurugenzi ya Huduma za Veterinari, yenye makao yake Kabete. Daktari wako wa kila siku huandaa kumbukumbu, serikali hutia saini na muhuri. Fika ofisi husika mapema, wiki kadhaa kabla, uulize wanataka nini, siku zipi afisa anayetia saini yupo, na malipo hufanywaje. Zile siku 10 zina Jumamosi, Jumapili na sikukuu ndani yake. Usipange safari ya wiki ya Idi au Pasaka kama huna moyo mgumu.

Makosa yanayojirudia kwenye karatasi:

- Lugha. Fomu iwe ya Kiingereza pamoja na lugha ya nchi ya kwanza ya Umoja unakoingilia. Unayekwenda Berlin kwa kupitia Amsterdam unaingia Ulaya kupitia Uholanzi, hivyo fomu yako ni ya Kiholanzi na Kiingereza. Watu wengi hubeba ya Kijerumani.
- Jina. Jina la mmiliki lifanane na pasipoti. Kama paka ameandikishwa kwa jina la mama na anayesafiri ni mtoto, kuwe na idhini ya maandishi.
- Siku tano. Mnyama na mmiliki wasipishane zaidi ya siku tano. Ukitangulia wewe Januari na paka akaletwa Mei bila wewe kurudi kumfuata, hahesabiwi tena kuwa mnyama wa nyumbani anayesafiri na mwenyewe. Anapita kwa taratibu za biashara, zenye cheti kingine na gharama nyingine. Hili ndilo linalovunja mipango ya "nitamwacha kwa shangazi halafu wataniletea".
- Idadi. Wasizidi watano kwa safari moja.
- Nakala. Karatasi halisi ziwe kwenye mkoba wako wa mkononi. Nakala zibandikwe juu ya kizimba ndani ya mfuko wa plastiki, na picha za kila kitu ziwe kwenye simu.

Nchi nyingine kwa ufupi

*Uingereza.* Hatua za chipu, chanjo, damu na miezi mitatu ni zile zile. Tofauti kubwa ni kwamba kwa ndege mnyama huingia kama shehena ya kargo tu. Hakai na abiria wala hasafiri kama begi lako. Mbwa apewe dawa ya minyoo tegu yenye prazikwanteli na daktari, saa 24 hadi 120 kabla ya kuingia, na iandikwe kwenye cheti. Sharti hilo la tegu lipo pia Ireland, Finland, Malta na Norway. Paka hawahusiki.

*Marekani.* Tangu Agosti 1, 2024 sheria za mbwa zimebadilika. Mbwa asiwe chini ya miezi sita, awe na chipu, na mmiliki ajaze fomu ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Kwa mbwa aliyechanjwa katika nchi zenye hatari kubwa ya kichaa, zikiwemo Kenya na Tanzania, zinahitajika pia fomu ya chanjo iliyothibitishwa na daktari wa serikali na nafasi iliyolipiwa kwenye kituo kilichosajiliwa na CDC, na atue kwenye uwanja wenye kituo hicho, kama JFK wa New York au Dulles wa Washington. Asipokuwa na kipimo cha damu kinachokubalika hukaa karantini siku 28 kwa gharama yako. Kwa paka, serikali kuu haidai chanjo ya kichaa, ila majimbo yana sheria zao.

*Australia.* Haipokei paka wala mbwa moja kwa moja kutoka kwetu. Lazima apitie nchi iliyoidhinishwa na kukidhi masharti akiwa huko. Kusema kweli, wengi wanaoniuliza juu ya Australia huishia kumtafutia mnyama nyumba nyingine, na siwalaumu.

Halafu kuna suala la mbegu. Mbwa wetu wa kienyeji hapati shida yoyote, tena anasafiri vizuri kuliko wale wa bei. Ujerumani inakataza kuingiza pitbull, Staffordshire na bull terrier. Uingereza ina orodha yake, na XL Bully ameongezwa humo. Kama mbwa wako ana kichwa kipana na kifua cha mieleka, hata kama mama yake ni wa Tandale, omba daktari aandike aina yake waziwazi na upige picha.

Atakaa wapi ndani ya ndege?

Kuna njia tatu: chini ya kiti chako, tumbo la ndege kama mzigo ulioandikishwa kwa tiketi yako, au kargo yenye hati yake. Kampuni nyingi zinazoruhusu njia ya kwanza huweka kikomo cha kilo 8, mfuko ukiwa ndani ya hesabu. Baadhi ya kampuni za Ghuba hazipokei paka wala mbwa chumba cha abiria kabisa, ingawa mwewe wa kuwindia hupewa nafasi kwenye baadhi ya safari. Wenye mwewe wao, wenye paka tuvumilie. Usiamini ukurasa wa kukatia tiketi. Piga simu, taja safari zote mbili kama unabadilisha ndege, na upate uthibitisho wa maandishi. Nafasi za wanyama kwa ndege moja ni chache na huisha.

Paka na mbwa wenye pua bapa, kama paka wa Kiajemi, pug na bulldog, hukataliwa na kampuni nyingi kwa safari ya tumbo la ndege. Wanapumua kwa shida, na joto huwaua haraka.

Ukipita nchi ya tatu, uliza kama nayo inadai kibali cha kupita. Pumziko refu la saa nane katika uwanja usio na mahali pa kutunzia wanyama ni baya kuliko tiketi iliyozidi bei kidogo.

Kizimba: pima mnyama, usikisie

Kanuni zinazofuatwa ni za IATA, chama cha kimataifa cha kampuni za ndege. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kwa sentimita akiwa amesimama:

- Kutoka puani hadi shina la mkia.
- Kutoka sakafuni hadi kiwiko cha mguu wa mbele.
- Upana wa mabega.
- Kutoka sakafuni hadi ncha ya sikio au utosi, chochote kilicho juu.

Urefu wa kizimba ni kipimo cha kwanza ukiongeza nusu ya cha pili. Upana ni mara mbili ya mabega. Kimo ni kipimo cha nne pamoja na unene wa tandiko. Mfano: mbwa mwenye 80, 30, 28 na 65, na tandiko la sentimita 3, anahitaji kizimba cha 95 kwa 56 kwa 68.

Hapa ndipo bei inapowashtua watu. Kargo hutozwa kwa uzito au kwa ujazo, kinachozidi ndicho hulipiwa. Zidisha vipimo vitatu vya kizimba na ugawe kwa 6,000: mbwa huyo anahesabiwa kilo 60 hata kama mizani inasema 28. Sasa unajua kwa nini paka ni rahisi.

Kizimba kiwe kigumu, chenye matundu pande zote, skrubu za chuma na vyombo vya maji vinavyojazwa kutoka nje. Magurudumu yang'olewe. Vizimba vya waya vya kufugia na vile vya plastiki vya kubana kwa vibanio tu vitakataliwa mlangoni.

Kisha mzoeshe. Kiweke sebuleni wiki nyingi kabla, mlango ukiwa wazi, na chakula chake kiwe ndani. Akishalala humo kwa hiari, anza kufunga mlango kwa dakika chache, halafu saa moja, halafu mzunguko wa gari. Kazi hii haina gharama na ndiyo inayorukwa na wengi. Mnyama anayekiona kizimba kwa mara ya kwanza asubuhi ya safari atang'ata mlango hadi meno yatoke damu.

Dawa ya usingizi: hapana

Kila mtu huuliza. IATA haipendekezi, na kampuni nyingi humkataa mnyama aliyelazwa kwa dawa. Dawa hizo hushusha shinikizo la damu na kuvuruga mwili usidhibiti joto, na huko tumboni mwa ndege hakuna wa kumwangalia. Kama ana hofu kupita kiasi, zungumza na daktari miezi kabla, si usiku wa kuamkia safari.

Siku yenyewe

- Chakula chepesi saa nne hadi sita kabla ya kuondoka nyumbani. Maji aendelee kunywa.
- Mbwa atembezwe vya kutosha, ajisaidie.
- Paka wa chumba cha abiria avikwe hatamu ya kifuani na kamba kabla ya kufika uwanjani. Kwenye ukaguzi mfuko hupita kwenye mashine, yeye hutolewa nje. Paka aliyeponyoka ndani ya uwanja wa Julius Nyerere au Jomo Kenyatta hapatikani kwa kuitwa jina.
- Tandiko liwe kitambaa chenye harufu ya nyumbani, na chini yake kitu cha kunyonya mkojo.
- Andika jina lake, namba yako ya simu na ya mtu wa kule mwisho wa safari juu ya kizimba.

Wakala ni lazima?

Kwa paka mmoja anayekwenda Ulaya akiwa nawe, unaweza mwenyewe kama una subira ya ofisi. Kwa mbwa mkubwa wa kargo, au kwa Uingereza, nampendekeza wakala. Mwombe majina ya wateja aliowasafirishia karibuni, na akueleze hatua moja moja kila malipo ni ya nini. Anayekuahidi kukamilisha yote kwa wiki tatu anakuuzia karatasi za kughushi. Mwaka 2021 Marekani ilisimamisha kwa muda kuingiza mbwa kutoka nchi zaidi ya mia moja kwa sababu ya vyeti vya uongo vya chanjo. Ulaya, mnyama mwenye karatasi mbovu hurudishwa alikotoka au huwekwa karantini kwa gharama ya mwenyewe, na yote mawili yakishindikana sheria inaruhusu auawe. Sikutishi. Ndivyo kanuni ilivyoandikwa.

Nani abaki nyumbani

Mbwa mzee mwenye moyo dhaifu, paka mwenye figo mbovu, mnyama mwenye mimba, na mbwa aliyezoea uwanja mzima ambaye wewe unahamia chumba kimoja ghorofa ya sita. Kama unakwenda kusoma mwaka mmoja tu, mwache kwa mtu anayempenda. Hakuna aibu hapo.

Ukishafika

Mpeleke kwa daktari wa huko ndani ya siku chache, umwombe pasipoti ya wanyama ya Umoja wa Ulaya. Kwa pasipoti hiyo safari zinazofuata ndani ya Ulaya huwa nyepesi. Ujerumani mbwa hulipiwa kodi kwa manispaa, paka halipiwi. Mtajie pia daktari huyo kwamba mnyama ametoka Afrika Mashariki na amewahi kuwa na kupe, maana homa za kupe wetu si zile anazoziona kila siku.

Jambo moja la kufanya jioni hiyo hiyo: weka kwenye simu tarehe ya chanjo ijayo ya kichaa, ikukumbushe mwezi mzima kabla. Ikipita hata siku moja, siku utakapotaka kumleta likizo na kurudi naye Ulaya kipimo chako cha damu hakitahesabika, na utaanza tena na sindano, siku 30 na miezi mitatu.